Magodoro Tisa ya Matroni

Matroni wetu hakuanza na uso wa mgonjwa. Alianza na miguu. Akiingia wodini asubuhi alisimama mwisho wa kitanda, akaingiza mkono chini ya shuka, akaishika miguu yote miwili, akatulia kidogo, ndipo akainua macho na kusalimia. "Ugonile," alisema kwa Kinyakyusa, na mara nyingi alikuwa ameshajua mgonjwa amelalaje kabla hajajibiwa. Aliwahi kuagiza dripu kwa mama aliyekuwa akicheka na jirani yake, kwa sababu tu miguu ya yule mama ilikuwa ya baridi.

"Uso unaongopa," alituambia sisi manesi wapya. "Mtu akimwona nesi anajikaza, anatabasamu. Miguu haina adabu hiyo."

Nilifika Kyela nikiwa na cheti kipya na sanduku la bati, kutoka Singida, kwetu ambako wingu likitokea tunatoka nje kulitazama. Kyela niliikuta mvua imekaa kama mwenyeji. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yalikuwa yamejaa tena vitenge, sabuni na betri za redio, baiskeli zikipishana barabarani na magunia ya mchele na mikungu ya ndizi, na watu binafsi walikuwa wameruhusiwa tena kufungua hospitali. Mfanyabiashara mmoja wa mchele, mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka wa Malawi, alikuwa amejenga yake kando ya barabara iendayo Itungi. Ilikuwa na wodi ya wazazi yenye vitanda tisa, wodi ya watoto yenye kumi na viwili, chumba cha kuzalia, na ofisi yake yeye mwenyewe, yenye feni. Tulimwita Bosi. Hakuwa mtu mbaya. Alijua biashara, na alidhani hospitali ni biashara kama nyingine, ila wateja wake wanalala.

Matroni alikuwa amempata kutoka serikalini, kwenye orodha ya waliopunguzwa kazi. "Wamenipunguza," alipenda kusema akijishika kiuno chake kipana, "lakini mbona sioni tofauti?"

Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeusi mlangoni mwa chumba chake. Sikuwahi kulitamka, wala hapa sitaanza.

Alikuwa mkali. Kofia yake nyeupe aliipiga pasi baada ya kuilowesha kwenye maji ya mchele, ikasimama ngumu kama kadibodi, na alitutaka na sisi tufanye vivyo hivyo. Katika nchi ya mchele, alisema, nesi mwenye kofia iliyolegea hana cha kujitetea. Ukichelewa dakika tano hakukugombeza. Alikukabidhi ufagio mbele ya wagonjwa, ukafagia, na wagonjwa wakakuonea huruma, na huruma yao ilichoma kuliko ugomvi. Lakini yeye huyo huyo alichelewa kanisani kila Jumapili, akaingia wakati wa mahubiri na kutembea mpaka benchi la mbele, viatu vikilia.

Alitufundisha kwamba mgonjwa asikatizwe anapoeleza, hata akianzia mwaka wa njaa. Nyumbani kwake sasa, hakuna mgeni aliyemaliza sentensi. Nilipomtembelea mara ya kwanza nilianza kumweleza habari za mama yangu, na kabla sijafika mbali alikuwa ameshanipa ushauri mara tatu, amenipakulia wali kwa samaki wa mbasa, na ameanza kunieleza habari za mama yake yeye.

Na aliogopa sindano. Nasema kweli. Mwanamke aliyechoma nusu ya watoto wa wilaya! Siku tulipopaswa sote kuchanjwa pepopunda, alijipangia kazi ya kuhesabu shuka stoo. Mwenzangu Atupele, nesi wa hapo hapo Kyela, alimfuata huko na trei, nami nyuma yake. Matroni alikaa kwenye gunia la pamba, akafumba macho, akanishika mkono wangu kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi.

"Bado?" aliuliza.

"Tayari, Matroni. Zamani."

Alifungua jicho moja. "Mkilisema hili wodini, mtafagia mpaka Krismasi."

Tulilisema. Tulifagia.

Lakini nikitaka kumweleza mtu Matroni alikuwa nani, siku zote namsimulia habari ya bibi mfinyanzi. Aliletwa na mjukuu wake kutoka upande wa ziwa, chini ya milima, mguu umevimba na kidonda kimeoza. Mjukuu alimwacha akarudi kuuza vyungu. Bibi alizungumza Kikisi tu. Kila nesi aliposogea na sindano, alipiga kelele na kuisukuma mikono yetu, na daktari wetu, kijana mzuri aliyetoka Tanga, aliandika kwenye faili kwamba mgonjwa ni mkaidi, ashikwe achomwe. Tulikuwa watatu tayari, mmoja miguuni, mmoja mabegani na mimi na sindano, Matroni alipoingia.

"Mwacheni kwanza," alisema.

"Matroni, kidonda hakisubiri," daktari alimwambia.

"Dokta, huyu mama anasema kitu kimoja kile kile tangu jana. Mtu mkaidi hutukana mara hivi, mara vile. Huyu anarudia. Nataka kujua anarudia nini."

Alitoka nje kwenye benchi la wagonjwa, akauliza kwa sauti nani anajua Kikisi. Mchuuzi wa dagaa aliinua mkono, akaingizwa wodini na beseni lake kichwani, harufu na vyote. Alimsikiliza bibi, akatugeukia.

"Anasema dawa hii aliwahi kuchomwa zamani. Alivimba uso mpaka macho yakafunga, akakosa pumzi. Waliomchoma walidhani amekufa. Anasema yuko tayari kwa dawa yoyote, ila si hii."

Ilikuwa penisilini. Ilikuwa imeshavutwa tayari kwenye sindano, mkononi mwangu. Daktari alilichukua lile faili, akakata alichokuwa ameandika, akaandika dawa nyingine. Kisha akamwinamia bibi na kumwomba radhi kwa Kiswahili, na mchuuzi akamtafsiria. Bibi alimpigapiga shavuni. Alirudi kwao kwa miguu yake mwenyewe, na baadaye alituletea chungu cha maji ambacho kilikaa kwenye kona ya wodi ya wazazi miaka yote niliyokuwa pale.

Jioni ile nilimuuliza Matroni alijuaje.

"Sikujua. Nilikuwa na nafasi ya kusikia, basi. Leo mlikuwa watatu kwenye zamu. Angekuwa mmoja, ningekuwa namsaidia mbio huku na huku, na bibi angechomwa."

Hilo ndilo lililokuwa neno lake kubwa, idadi. Kwenye kitabu cha ripoti, kabla ya jambo lolote, juu kabisa ya ukurasa, alitulazimisha tuandike mambo mawili: wauguzi wangapi, wagonjwa wangapi. Siku nyingine ukurasa ulianza: wauguzi wawili, wagonjwa kumi na tisa. Siku nyingine: muuguzi mmoja, wagonjwa ishirini na sita. Bosi hakupenda. Alisema kitabu cha ripoti ni cha magonjwa, si cha manung'uniko. Matroni alimjibu kwamba huo nao ni ugonjwa. Mimi mwenyewe, niseme ukweli, niliona ni ushamba wa watu wa zamani wa serikalini, kuandikaandika tu. Nilikuja kuelewa siku moja, saa tisa alasiri.

Ilikuwa katikati ya masika. Mito ilikuwa imefurika, mashamba yamegeuka maziwa, na malaria ilikuwa ikibisha hodi kila nyumba. Nesi wetu wa nne alikuwa amepata kazi kwenye mradi Mbeya mjini na Bosi hakuweka mtu mwingine. Atupele alikuwa ametoka zamu. Matroni alikuwa ameitwa ofisini kwa Bosi. Nilibaki peke yangu na wodi mbili. Wagonjwa walikuwa ishirini na tisa, watoto wawili wawili kitandani, wengine kwenye mikeka.

Katika wodi ya wazazi kulikuwa na mama kijana kutoka Ndandalo, amejifungua saa nne asubuhi mtoto wa kike, uzao wa kwanza. Nilikuwa nimemwangalia saa sita, akawa salama. Nilikusudia kurudi saa saba. Saa saba mtoto mmoja wa wodi ya pili aliingia kwenye degedege. Nikawa naye. Nilitafuta mshipa kichwani, mkononi, mguuni, nikaupata, nikaufunga, mtoto akatulia, na kabla sijasimama wa kitanda cha pembeni naye akaanza. Mama zao walikuwa wamenishika gauni huku na huku. Nilimkumbuka yule mama wa Ndandalo, nakumbuka vizuri kwamba nilimkumbuka, nikajiambia, nikimaliza huyu.

Saa tisa nilimsikia Matroni, ametoka ofisini, akiita jina langu. Hakupiga kelele, lakini sauti yake ilipita ukuta.

Nilipofika alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda, mikono yote miwili tumboni kwa yule mama, akikanda kwa nguvu zake zote. Kofia ilikuwa imeanguka. Godoro lilikuwa limelowa damu mpaka chini. Mama wa Ndandalo alikuwa anatazama dari, midomo imekuwa na rangi ya majivu, na hakuwa amesema neno, kwa sababu, kama alivyotuambia baadaye, aliona nesi ana watoto wanaokufa na akaona haya kunisumbua.

"Sindano ya kukaza mji wa mimba," Matroni aliniambia. "Kisha dripu mbili, mkono huu na huu. Usilie sasa. Utalia nikikwambia."

Nilichoma. Nilifunga dripu. Daktari alikuja mbio. Mume aliitwa, akatolewa damu, na kaka yake pia. Matroni hakutoa mikono yake. Alikanda na kuongea na yule mama kwa Kinyakyusa, taratibu, kama watu wanaotwanga pamoja, mpaka mji wa mimba ukakaza chini ya kiganja chake kama ngumi, na damu ikapungua, ikawa tone, ikakoma. Saa kumi na moja yule mama aliomba maji. Saa kumi na mbili aliomba apewe mtoto wake. Matroni alimwekea mtoto kifuani, akanigeukia.

"Sasa," alisema.

Nilikaa chini kwenye sakafu nikalia.

Kwenye kitabu cha ripoti nilitegemea kukuta jina langu na neno uzembe. Aliandika yeye mwenyewe. Juu: muuguzi mmoja, wagonjwa ishirini na tisa. Chini: mama alitoka damu nyingi, muuguzi alikuwa na watoto wawili wenye degedege, watoto wote wawili hai, mama hai. Akatia sahihi yake, si yangu.

Kesho yake akaanza kukunja magodoro.

Hakumwondolea mtu godoro chini yake. Kila mgonjwa aliporuhusiwa kwenda nyumbani, Matroni alilianika godoro lake juani, akalikunja, akalifunga kamba, akalitia stoo. Baada ya siku nne yalikuwa tisa. Vitanda vyenye magodoro vilibaki kumi na viwili, na ufunguo wa stoo ulikuwa kwenye kamba shingoni mwake, ndani ya gauni.

Bosi alituita sote ofisini, manesi, daktari na mama wa usafi. Feni ilikuwa inazunguka. Matroni alikataa kiti.

"Nimejenga hospitali," Bosi alisema, "sikujenga stoo ya magodoro. Watu wanakuja wanaambiwa hakuna kitanda, na vitanda wanaviona kwa macho."

"Vitanda vipo, Bosi. Manesi ndio hawapo. Nesi mmoja anaweza kuwaangalia wagonjwa kumi na wawili, akijitahidi. Wa kumi na tatu anaangaliwa na Mungu tu."

"Na atakayekuja akakosa?"

"Asiye mahututi atapewa dawa arudi kesho. Mahututi atapelekwa kwa gari lako hospitali nyingine, na nesi nitampakia mimi."

"Matroni, kila mahali kuna upungufu. Hata serikali wamepunguza watu."

"Najua. Mimi ndiye waliyempunguza." Hakucheka. "Lori lako la mchele lina utingo wangapi?"

"Wawili."

"Ukinunua malori matatu, utawapandisha hao hao wawili kwenye yote?"

Bosi aligeuza shingo, akanitazama mimi. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza: "Binti, siku ile mama alipotoka damu, wewe ndiye uliyekuwa zamu. Sitaki kukufukuza. Niambie tu ukweli. Ulizidiwa na kazi, au Matroni alikuwa ameiacha wodi bila mpango?"

Matroni alikuwa ofisini kwake yeye Bosi siku ile, yeye ndiye aliyemwita. Alijua. Mimi nilijua. Nilikuwa na barua ya kazi ya miezi saba, na wadogo zangu wawili walikuwa shule Singida. Nilitazama sakafu. Sikusema alikuwa na kosa. Sikusema hakuwa na kosa. Nilinyamaza, na ndani ya chumba kile kunyamaza kwangu kulitosha.

"Mwache mtoto wa watu," Matroni alisema. "Usimtie kwenye maneno yetu."

Alivua ile kamba shingoni, akauweka ufunguo mezani, akaambiwa akae nyumbani mpaka atakapoitwa. Nilimwona kupitia dirishani akipanda baiskeli ya kukodi, kofia mapajani, kuelekea kwake Busale.

Magodoro yalirudishwa siku hiyo hiyo. Siku ya pili wodi zilikuwa zimejaa. Niliandika juu ya ukurasa: muuguzi mmoja, wagonjwa ishirini na saba. Kila nilipokuwa na watoto niliwaza wazazi, nikienda kwa wazazi nikawasikia watoto. Sikumaliza kitu. Mama mmoja aliniuliza jina la dawa ya mwanawe nikamjibu vibaya, mimi ambaye sikuwahi kumjibu mgonjwa vibaya.

Atupele alipoingia zamu alinikuta nimesimama nje nimeshika godoro la mtoto aliyeruhusiwa.

"Unalipeleka wapi?" aliniuliza.

"Sijui."

Alishika upande wa pili. "Stoo imefungwa," alisema. "Tuliweke mlangoni pa ofisi yake. Huko hakuna kufuli."

Mama wa usafi alituona, akaweka ndoo chini, akaleta kamba. Hatukupanga wala kuapa. Ila kila mgonjwa aliyeondoka siku zile, godoro lake lilikunjwa, na yeyote aliyekuwa zamu alilibeba. Daktari wetu alipita, akatazama, akasema anadhani moja limeegemea vibaya, akalinyoosha. Asubuhi ya siku ya nne yalikuwa tisa, yamejaa mlangoni, na Bosi alipokuja hakuweza kuingia ofisini kwake.

Aliyatazama muda mrefu. "Nani kafanya hivi? Matroni amekuja?"

"Hajaja," nilisema. "Ni mimi, Bosi. Na siku ile uliyoniuliza, alikuwa hapa ofisini kwako. Ulimwita mwenyewe. Nilikuwa peke yangu na watu ishirini na tisa. Ningekuwa na mwenzangu, mama yule asingefika pale."

"Na mimi pia nimebeba," alisema Atupele.

"Na mimi," alisema mama wa usafi. "Mawili. Yale mazito."

Nilingoja kufukuzwa. Bosi alikaa. Alikaa pale pale juu ya magodoro, suruali yake ya kadeti na vyote, akavua miwani akajifuta uso. Yalizama chini yake taratibu, akawa chini kuliko sisi sote, na nadhani aliliona hilo, maana alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Sasa mnataka nini?"

"Manesi wawili zaidi," nilisema. "Na Matroni."

Alinichukua kwenye pikapu yake tukaenda Busale, mimi nikionyesha njia. Tulimkuta shambani, amekunja kitenge magotini, anapandikiza mpunga na wanawake wawili. Bosi alisimama kwenye tuta na viatu vyake vinavyong'aa. Matroni alitusalimia kwa adabu zote, akapiga goti kabisa ndani ya maji kama wanavyofanya wanawake wa huko mbele ya mwanamume wa heshima, kisha akasimama na kumwambia asubiri, amalize mstari. Tulisubiri. Ulikuwa mstari mrefu.

"Matroni, rudi kazini," Bosi alisema yeye alipotoka majini.

"Nitarudi. Andika kwanza."

"Niandike nini?"

"Kwamba nesi mmoja asipewe zaidi ya wagonjwa kumi na wawili. Kwamba wakizidi, hospitali inaacha kupokea mpaka nesi apatikane. Na kwamba nesi akisema amezidiwa, hafukuzwi kwa kusema."

"Hiyo si sheria ya nchi, Matroni."

"Basi iwe ya kwako."

Aliandika kwenye karatasi ya daftari, ameegemea boneti ya gari, akatia sahihi. Matroni aliisoma mara mbili, akamwambia, "Ndaga fijo, tata," asante sana, baba, na nikaona Bosi ameona haya kama mtoto aliyesifiwa. Karatasi ile iliwekwa kwenye fremu ya kioo, ikatundikwa wodini mahali wagonjwa wenyewe wanapoweza kuisoma. Hilo Matroni alilisisitiza. Alisema sheria ambayo mgonjwa haioni ni barua tu. Manesi wawili waliajiriwa kabla mvua hazijakatika. Kuna mama mmoja wa Itungi aliyezoea kuhesabu vitanda kwa kidole kila akija, halafu kutuhesabu sisi, halafu kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Miaka michache baadaye wageni walikuja mkoani kukusanya maoni kuhusu sheria ya wauguzi na wakunga, na Matroni alikuwa mmoja wa walioitwa. Alikwenda Mbeya na fremu yake kwapani, kioo kimefungwa kwa kanga. Aliniambia walimsikiliza vizuri, wakampa chai, wakaandika. Sheria ilipotoka aliisoma yote kwa miwani ya kuazima, akirudi nyuma na mbele. Namba yake haikuwamo.

"Umesikitika?" nilimuuliza.

"Kidogo. Lakini nimesema, na wameandika kwamba nimesema." Akaitundika fremu mahali pake, akaondoka kwenda kushika miguu ya mtu.

Mimi niliondoka pale nilipoolewa, nikahamia kituo cha afya upande wa Rungwe, na baada ya muda nikawa mkuu wa wauguzi huko. Tuliandikiana, kisha tukaacha, kama watu wanavyoacha. Halafu siku moja dereva wa basi aliniambia amesikia Matroni wa zamani wa barabara ya Itungi ameanguka kiharusi, hasemi, hamtambui mtu. Nilikaa na habari ile kutwa nzima. Jambo lililonisumbua halikuwa ugonjwa. Nilikuwa sijawahi kumwambia neno juu ya kunyamaza kwangu siku ile ofisini kwa Bosi. Nilikuwa nimemwambia Bosi ukweli, mbele ya watu, lakini yeye hapana. Tulirudi kazini, yeye akanikabidhi zamu, mambo yakaendelea, na kila mwaka ulivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu.

Nilipanga zamu, nikaondoka alfajiri. Alikuwa amehamia kwa mdogo wake Itungi, nyumba ya bati karibu na bandari, meli moja ikiwa imeegeshwa kwa matengenezo na hakuna pilikapilika. Nilipiga hodi nikiwa nimeshaanza kulia.

"Nani huyo analia mlangoni kwangu?" ilisema sauti ya ndani. "Kama kuna msiba ungenitumia mtu."

Alitoka mwenyewe. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe, ana fimbo, basi. Aliyeanguka kiharusi alikuwa mama mwingine, matroni wa mahali pengine, na yeye naye alikuwa anaendelea vizuri. Dereva alichanganya. Nilicheka na kulia kwa pamoja mpaka mdogo wake akaniletea maji.

Tulipokaa nilimwambia. Nilimwambia yote, haraka, kabla hajanikatiza: siku ile ofisini, Bosi aliniuliza, nilijua ukweli, nikanyamaza, ukaondoka kwa baiskeli nikakutazama dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliniacha nikamaliza.

"Ulikuwa na umri gani?" aliuliza.

"Ishirini na mbili."

"Mimi nilinyamaza nikiwa na thelathini na moja, hospitali nyingine, na mgonjwa wangu hakupona. Ndiyo maana nilikuwa nasema sana nilipofika kwenu." Alinyoosha mkono akanifuta shavu kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anasafisha kidonda. "Siku zile tatu nilikuwa Busale nasubiri nisikie mtu kafa wodini kwangu. Pikapu ilipofika nilidhani ndiyo habari hiyo. Katika salamu nikajua hakuna aliyekufa, kumbe ni nyinyi na wazimu wenu. Nilipanda ule mstari polepole kwa sababu nilikuwa nacheka peke yangu kwa furaha na sikutaka Bosi aone. Wewe ulidhani namringia Bosi?"

"Sote tulidhani."

"Mwacheni aendelee kudhani."

Mdogo wake alikuwa ametandika mkeka na kuweka sahani. Nilitazama saa kwa mazoea, nikashika mkoba wangu. Matroni aliniona.

"Wodini kwako sasa hivi yuko nani?" aliuliza, na uso wake ukawa ule wa kazini.

"Wawili, Matroni. Na wa tatu anaingia saa nane."

"Wagonjwa?"

"Kumi na saba."

Alipiga hesabu kimya, midomo ikicheza kidogo. Kisha akaegemeza fimbo ukutani.

"Basi vua viatu," alisema, "ukae ule."